Namna ya Kuchunguza Mmea wa Dawa, Kuanzia Jani Hadi Molekuli

Mwarobaini uliitwa hivyo kwa sababu watu waliuamini kwa maradhi arobaini. Kwa mtafiti jina hilo ni mtego. Kila mwaka kuna anayeanza na kichwa kama "Uchunguzi wa kemikali na uwezo wa tiba wa mwarobaini", na baada ya miaka miwili ana majedwali yaliyojaa alama za kujumlisha na kutoa, huku akiwa hajajibu swali hata moja. Maradhi arobaini hayachunguziki. Ugonjwa mmoja, kwa sehemu moja ya mmea, iliyoandaliwa kwa njia moja, unachunguzika. Mwongozo huu ni wa anayekubali kuanza na udogo huo.

1. Swali hutoka kwa watumiaji wa dawa

Anza kwa wanaoitumia: waganga wa tiba asili, wakunga, wazee, wauza dawa. Usiulize "mmea huu unatibu nini?" Swali hilo huzaa orodha ndefu. Uliza kuhusu mgonjwa wa mwisho waliyempa. Alikuwa na dalili gani? Alipewa jani, gome au mzizi? Ulichumwa lini, mbichi au mkavu? Ulichemshwa, ulilowekwa au ulisagwa? Alikunywa kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi? Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: nani hapewi dawa hii? Anayekujibu "mjamzito hapewi" au "mtoto asiyenyonya tena ndiyo, anayenyonya hapana" amekupa habari ya sumu bila malipo.

Yaangalie sana majina ya magonjwa. "Homa" inaweza kuwa malaria, mafua, homa ya matumbo au kichomi. "Chango" ina maana nyingi zaidi. Ukiandika "homa" kwenye daftari kisha ukapima dondoo (kilichovutwa kutoka kwenye mmea kwa kiyeyushi) dhidi ya vimelea vya malaria pekee, umebadilisha swali bila kujua. Andika dalili kama zilivyoelezwa, kwa maneno ya msemaji, kisha tafuta tabibu wa hospitali akusaidie kuzifasiri.

Maarifa ya jadi yanaelekeza njia, hayatoi hukumu. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha kazi yake kuhusu digitalisi, mmea wa dawa ya moyo. Aliipata kwenye mchanganyiko wa mimea kama ishirini uliotumiwa na mwanamke mzee wa Shropshire kwa watu waliovimba mwili kwa maji. Alikisia ni mmea upi kati ya hiyo uliofanya kazi, kisha akakaa miaka akirekodi vipimo na madhara. Kwa upande mwingine, Catharanthus roseus, ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, lilisifiwa kwa kisukari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti nchini Kanada waliwapa panya dondoo lake, sukari haikushuka, ila seli nyeupe za damu zilishuka sana. Hapo ndipo zilipotoka dawa za saratani vinblastini na vinkristini. Wangekuwa wamepima sukari tu, wangelitupa ua hilo.

2. Hakikisha mmea ndio huo

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza uzito walianza kuharibikiwa figo, na hatimaye waliothibitika walizidi mia. Vidonge vilipaswa kuwa na Stephania tetrandra. Kwa Kichina mmea huo huitwa kwa jina lenye neno fangji, na Aristolochia fangchi nayo ina neno hilohilo. Ya pili ina asidi ya aristolokia, inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Jina la kawaida lilitosha kuwachanganya watu waliofanya kazi hiyo kila siku.

Kwa hiyo chuma kielelezo: tawi lenye majani pamoja na maua au matunda. Bila maua au matunda, mtaalamu wa mimea mara nyingi hawezi kukuthibitishia chochote. Kibane kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka kikauke, kibandike kwenye karatasi ngumu na uandike namba yako ya mkusanyo, tarehe, mahali pamoja na vipimo vya GPS, mazingira, kimo cha mmea, na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea ukikauka. Kipeleke herbariamu, yaani hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, na uombe namba ya kumbukumbu. Namba hiyo itaandikwa kwenye ripoti yako. Bila hiyo, mtu mwingine hawezi kurudia kazi yako, na kazi isiyorudiwa ina thamani ndogo.

Ukishapata jina la kisayansi, litafute pamoja na majina yake ya zamani. Prunus africana iliwahi kuitwa Pygeum africanum, na miti mingi ya Afrika iliyokuwa Acacia sasa ni Vachellia au Senegalia. Ukitafuta kwa jina jipya pekee utakosa nusu ya yaliyoandikwa. Orodha ya Plants of the World Online, inayotunzwa na bustani ya Kew, inatoa majina hayo yote bure. Baada ya hapo ndipo uende PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, na kwingineko ujue nani amekutangulia.

3. Ruhusa kabla ya panga

Nitapita haraka hapa, ingawa makaratasi yenyewe hayapiti haraka. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inataka wenye rasilimali na wenye maarifa waridhie kwanza, na mgawanyo wa faida ukubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Tafuta kibali cha utafiti, kibali cha kukusanya, kibali cha maadili kama utahoji watu, na kibali cha kusafirisha kama sampuli itavuka mpaka. Angalia pia kama mmea umo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Prunus africana imo tangu 1995, kwa sababu gome lake lilivunwa mpaka miti ikafa. Kama jani linaweza kujibu swali lako, acha mzizi ardhini.

4. Kuvuna na kukausha

Andika saa, msimu na umri wa mmea. Kemikali za mmea hubadilika kwa mvua, jua na mashambulizi ya wadudu, na sampuli ya kiangazi inaweza isifanane na ya masika. Ondoa udongo na sehemu zenye ukungu. Kausha kivulini penye hewa, au kwenye tanuri lisilozidi nyuzijoto 40, mpaka jani livunjike kwa sauti ukilikunja. Jua kali huharibu rangi na mafuta manukato. Unyevu uliobaki hukaribisha ukungu, na sumu ya ukungu inaweza kukupa matokeo yasiyo ya mmea kabisa. Saga, chekecha, pima, weka kwenye chombo kisichopitisha mwanga, bandika lebo. Kisha bandika lebo ya pili ndani ya chombo. Gundi ya lebo za nje ina tabia ya kuachia siku usiyoitarajia.

5. Kutoa dondoo: hapa ndipo dawa hupatikana au kupotea

Kati ya hatua zote, hii ndiyo ningependa uikalie. Mwaka 1971 kundi la mtafiti wa Kichina Tu Youyou huko Beijing lilikuwa limekwisha kupima mamia ya madondoo dhidi ya malaria kwa panya. Dondoo la qinghao, yaani Artemisia annua, lilionyesha nguvu mara moja, kisha likashindwa lilipojaribiwa tena. Tu alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, yaliyosema konzi ya qinghao ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hapakutajwa kuchemsha. Alishuku kwamba moto ndio ulioiharibu dawa, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Oktoba mwaka huo dondoo jipya lilimaliza vimelea vyote kwa panya waliojaribiwa. Mwaka 1972 artemisinini yenyewe ilitengwa, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Nguvu ya molekuli hiyo imo kwenye daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, na daraja hilo ndilo lisilostahimili mapishi.

Somo kwa daftari lako: andaa dondoo moja kwa njia ileile ya waganga, hata kama maabara inaliona la kishamba, kisha andaa mengine kwa viyeyushi tofauti. Heksani huvuta mafuta na nta. Ethili asetati huvuta vitu vya katikati, kama flavonoidi nyingi na terpenoidi. Methanoli au ethanoli yenye maji huvuta karibu kila kitu, ikiwemo sukari na tanini. Maji huvuta chumvi, sukari na glikosidi. Usitumie heksani peke yake kwa dawa inayonywewa kama chai, halafu ukasema mmea haufanyi kazi.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Pima gramu 100 za unga, mimina lita moja ya kiyeyushi, funika, tikisa mara kwa mara kwa saa 24. Chuja, ongeza kiyeyushi kipya kwenye makapi, rudia mpaka mara tatu. Changanya michujo yote, vukiza kwa mashine ya kuvukizia yenye mvuto wa hewa, maji ya beseni yasizidi nyuzijoto 40. Dondoo la maji huwa bora likikaushwa kwa kugandishwa, kwani kulichemsha mpaka likauke ni kulipika upya. Pima uzito wa kilichobaki. Ukipata gramu 8 kutoka gramu 100, mavuno ni asilimia 8. Andika namba hiyo kwa wino. Utaihitaji kwenye hatua ya saba kuliko unavyodhani.

Tahadhari moja: heksani na etha hushika moto kwa cheche ya swichi, na methanoli hupofusha. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, usionje chochote, na dondoo lolote la maabara lisinywewe na mtu, hata wewe mwenyewe.

6. Kuangalia kilichomo

Majaribio ya rangi, yanayoonyesha makundi ya kemikali yaliyomo, ni mepesi na ya haraka. Kitendanishi cha Mayer hutoa mashapo meupe kwa alkaloidi, kloridi ya feri hugeuza fenoli kuwa buluu nyeusi au kijani, na povu linalodumu baada ya kutikisa huashiria saponini. Lakini protini nazo hutoa mashapo kwa Mayer, na kloridi ya feri haitofautishi tanini na fenoli ndogo. Yatumie kama mtu anavyobisha hodi kabla ya kuingia. Ripoti inayoishia kwenye majaribio hayo imekaa mlangoni.

Ingia ndani kwa kromatografia ya bamba. Dondosha tone dogo la kila dondoo kwenye bamba la silika, liweke wima kwenye chombo chenye kiyeyushi kidogo, mfano heksani na ethili asetati kwa uwiano wa 7 kwa 3, na uache kiyeyushi kipande juu. Litazame chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, halafu 366. Piga picha kabla ya kunyunyiza chochote. Kisha nyunyiza anisaldehidi yenye asidi ya salfuriki na upashe moto, au kitendanishi cha Dragendorff, kinachotoa madoa ya machungwa kwa alkaloidi. Bamba moja lenye madondoo yote, likiwa na doa la kitu unachokijua pembeni, hukueleza mengi kuliko majedwali matano ya alama. Picha hiyo pia ni alama ya kidole ya mmea wako: ukichuma tena mwakani, linganisha.

7. Kupima nguvu bila kujidanganya

Chagua kipimo kinachofanana na swali. Kama dawa ni ya vidonda vinavyooza, pima bakteria za ngozi. Kama ni ya maumivu na uvimbe, kuua bakteria si jibu. Hili linaonekana dogo, na bado makala nyingi hupima uwezo wa kuzuia vioksidishaji kwa DPPH, rangi ya zambarau inayosomwa kwenye nanomita 517, kwa sababu ni rahisi na karibu kila mmea wenye fenoli hufaulu. Kikombe cha chai nacho hufaulu. Ni kipimo cha kemia ya glasi, na hakisemi chochote kuhusu mgonjwa.

Kwa bakteria, usitumie njia ya karatasi za duara kwenye jeli iwapo dondoo ni nzito: molekuli kubwa na zenye mafuta hazisambai vizuri kwenye jeli, na duara dogo laweza kumaanisha dondoo limekwama. Tumia sahani ya visima 96. Weka dondoo kwa vipimo vinavyopungua kwa nusu, ongeza bakteria, acha usiku kucha, kisha tia resazurini. Buluu inayobaki buluu inaonyesha bakteria wamezuiwa. Inayogeuka waridi inaonyesha wako hai. Kila sahani iwe na kisima chenye dawa inayojulikana, chenye kiyeyushi pekee, chenye bakteria bila kitu, na chenye dondoo bila bakteria, kwa sababu rangi ya dondoo yenyewe huweza kukudanganya. Rudia mara tatu kwenye sahani moja, na sahani tatu kwa siku tofauti.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 8. Tuseme mgonjwa hunywa chai ya gramu 10 za jani, na dondoo lako ni la maji kama chai hiyo. Amekunywa gramu 0.8 za dondoo. Maji ya damu ya mtu mzima ni kama lita 3. Hata kama dondoo lote lingeingia kwenye damu kwa mkupuo, jambo lisilotokea, kiwango kingekuwa kama mikrogramu 270 kwa mililita. Basi ukitangaza kwamba dondoo linaua vimelea kwa mikrogramu 1,000 kwa mililita, umegundua kitu ambacho hakuna mnywaji atakayekifikia. Ndiyo maana watafiti wengi huona dondoo ghafi linafaa kufuatiliwa likifanya kazi chini ya mikrogramu 100. Kwa dawa ya kupaka au ya tumboni hesabu ni nyingine, ila lazima ifanywe.

Wakati huohuo pima dondoo dhidi ya seli za kawaida za mnyama au binadamu. Gawanya kipimo kinachoua nusu ya seli kwa kipimo kinachozuia nusu ya vimelea. Jibu likiwa 10 au zaidi, endelea. Likikaribia 1, umepata sumu inayoua kila kilicho mbele yake.

Jihadhari na wadanganyifu. Tanini hushika protini yoyote na kuonekana kama zinazuia kila kimeng'enya. Kurkumini ya manjano ni mfano maarufu: huharibika haraka kwenye maji yasiyo na asidi, hung'aa na kuvuruga vipimo vya mwanga, na ikimezwa huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Matokeo mengi mazuri ya maabara yamejengwa juu ya tabia hizo.

8. Kufuata nguvu mpaka kwenye molekuli

Mimina dondoo lenye nguvu kwenye bomba la kioo lililojazwa silika, pitisha viyeyushi kuanzia heksani na kupandisha ukali taratibu, kusanya mafungu, yaunganishe kwa kuyalinganisha kwenye bamba, kisha pima kila fungu. Lenye nguvu ndilo linaloendelea. Weka hesabu ya uzito: ulianza na gramu 5, je, mafungu yote yanafika ngapi? Upungufu mkubwa unamaanisha kitu kimeshikwa na silika.

Mara nyingine nguvu hupotea kabisa. Sababu huwa tatu: kitu kimeharibika njiani, kimebaki kwenye bomba, au vitu viwili vilikuwa vikisaidiana na umevitenga. Changanya mafungu tena kidogo upime. Nguvu ikirudi, umepata jibu la kuvutia kuliko ulilolitafuta.

Kabla ya kutumia miezi kusafisha, pitisha fungu kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha vitu vilivyo kwenye kimiminika) iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inayopima uzito wa molekuli, ulinganishe uzito wa molekuli na zilizokwisha kuripotiwa kwenye jenasi hiyo. Kitu chako kikiwa ni kvasetini, ambayo iko kwenye kitunguu, ni afadhali kujua leo. Kikionekana kipya, kisafishe mpaka doa moja na utafute NMR, mashine inayosoma muundo wa molekuli. Maabara nyingi hazina mashine hiyo, kwa hiyo ushirikiano na chuo chenye nayo upangwe mwanzoni kabisa. Na uwe na subira. Gome la Taxus brevifolia lilikusanywa mwaka 1962, muundo wa paklitakseli ukachapishwa 1971, na dawa ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1992.

9. Sumu na mwingiliano

"Ni ya asili, haina madhara" ni kauli ya muuzaji. Alkaloidi za pirolizidini zilizomo kwenye jamii ya Senecio huharibu ini polepole, bila dalili ya haraka ambayo mganga angeihusisha na dawa. Matumizi ya vizazi vingi hufichua sumu ya siku moja. Sumu ya miaka kumi hujificha. Pima pia risasi, zebaki na mabaki ya viuatilifu, hasa kama mmea umechumwa kando ya barabara.

Angalia mwingiliano na dawa za hospitali. Hypericum perforatum, inayotumiwa kwa huzuni, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingine, na imeshusha viwango vya siklosporini kwa waliopandikizwa viungo, vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Majaribio ya wanyama yafuate miongozo ya OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), kama namba 425 inayotumia wanyama wachache, na kibali cha maadili. Watu huja baadaye sana, chini ya daktari, mamlaka ya dawa na kamati huru.

10. Kuandika na kurudisha

Andika ulichokiona. "Dondoo la ethanoli la gome lilizuia ukuaji wa Staphylococcus aureus kwa mikrogramu 62.5 kwa mililita" ni sentensi inayosimama. "Mmea huu unatibu vidonda" haisimami, na ikishatoka mdomoni mwako itauzwa sokoni kwa jina lako. Chapisha pia yaliyoshindwa, ukitaja namba ya herbariamu, mavuno, viyeyushi na vipimo vyote.

Kisha rudi kwa wale uliowahoji. Nenda na picha ya bamba, waeleze kwa lugha yao umepata nini na hukupata nini, na ukiona dalili ya sumu waeleze siku hiyohiyo bila kusubiri jarida. Andaa muda wa kutosha, kwa sababu hapo ndipo mtu aliyekaa kimya mara ya kwanza hukumbuka kwamba gome halitumiki peke yake, kuna mzizi mwingine wanaouweka. Dondoo lililobaki liweke kwenye friza ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, lebo ndani na nje. Utalihitaji.